Kompyuta ndogo 12 kwenye kabati moja: anza na kuhesabu adapta

Swali: Nafundisha kwenye kituo kidogo cha kompyuta Tanga. Tumenunua kompyuta ndogo 12 za mtumba, Lenovo Tiny, zile za ukubwa wa kitabu, na tuna Raspberry Pi 4 nane, zile kompyuta za kibao kimoja. Kwa sasa zote zipo mezani, nyaya kila kona. Nataka ziingie kwenye kabati moja la raki ndani ya stoo, wanafunzi wawe wanaziingia kwa mtandao kutoka darasani, wajifunze Linux na kazi za seva. Ninunue kabati la U ngapi? Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea? Joto la huku litakuwaje? Na kuna mtu kanishauri nitupe adapta zote nifunge pawasapulai moja kubwa, ni sawa?

Mwalimu, habari za kazi. Nianze na hilo la mwisho maana ndo limebeba mengine yote.

Karibu kila mtu anayeniuliza kuhusu raki anaanza na U, yani kipimo cha urefu wa raki. Mi huwa namrudisha nyuma kidogo, namwambia hebu weka kompyuta zako zote 12 kwenye kikapu cha sokoni, zitaingia na nafasi ya nyanya itabaki. Sasa chukua adapta zake na nyaya zake zote mbili mbili, uone kama ndoo ya lita 20 itatosha. Hapo ndo utajua unajenga kabati la nini. Kompyuta ndogo ni ndogo kwa sababu wametoa pawasapulai nje wakaiweka kwenye waya, na wewe ukizikusanya pamoja ule udogo wote unarudi kukudai.

Kabati la kwanza kabisa nililofunga, miaka kadhaa nyuma, ofisi moja hapa Dar, lilikuwa na kompyuta nane tu. Mbele palipendeza, kila mashine na shelfu yake, nyaya za mtandao za bluu zimelala kama nywele zilizochanwa. Adapta je? Nikazishusha chini, nikazifunga fungu moja na zipu tai, zimebanana kama mzigo wa kuni, nikafunga mlango wa kioo, nikapiga picha nikarusha status. Wiki ya tatu napigiwa simu eti kuna harufu ya samaki kwenye chumba cha kompyuta, wenyewe walishaanza kulaumiana nani kaacha chakula. Nilipofungua nikakuta adapta mbili za katikati ya fungu zimelainika mpaka zipu tai imezama kwenye plastiki kama uzi kwenye sabuni. Harufu ile ya samaki ndo harufu ya plastiki ya umeme ikipata moto kupita kiasi, ukiisikia siku yoyote usitafute samaki, kata umeme. Kompyuta zote nane zilikuwa nzima, hata moja haikuumia.

Sababu yake haina uchawi. Adapta ya wati 65 inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya umeme unaopita, na hiyo inatoka kama joto kwenye ngozi yake. Ikiwa peke yake mezani inajipoza yenyewe, ya kwenye fungu inapashwa na jirani zake na haina ngozi ya kupumulia. Kwaiyo sheria yangu tangu siku ile ni kwamba adapta zinapata shelfu lao lenye matundu, zimelala moja moja, kati ya moja na nyingine vidole viwili, na shelfu hilo linakaa JUU kabisa karibu na feni ya kutoa hewa. Watu huwa wananibishia hapa, wanaona vitu vizito viwe chini, lakini adapta 12 hazifiki hata kilo sita, na joto lake likiwa juu linatoka nje moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta. Ukiziweka chini unakuwa umewasha jiko chini ya sufuria.

Sasa pawasapulai moja kubwa. Wazo lenyewe sio la kijinga, ndo lilivyoanza biashara nzima ya seva za kuchomeka. Mwaka 2001 kampuni ya Marekani inaitwa RLX Technologies ilitoa sanduku la 3U lenye kompyuta 24 nyembamba zinazogawana umeme na feni, yani kwenye raki moja ya 42U unapata 336. Lakini wale walitengeneza kompyuta zenyewe kwa ajili ya hilo sanduku. We una Lenovo Tiny, na Lenovo, HP na Dell wote wameweka alama kwenye plagi zao ili mashine iitambue adapta, Lenovo kwenye ile plagi ya mstatili kuna rezista, Dell kuna kichipu kabisa kinachojibu swali. Ukileta volti 20 tupu kutoka kwenye sanduku lako kubwa, mashine inaweza kukulalamikia au kujipunguza kasi kwa sababu haijui imepewa wati ngapi. Utaanza kuunga rezista 12. Alafu kila tawi linataka fyuzi yake, maana pawasapulai ya wati 800 ikipata shoti kwenye waya mwembamba haizimi, inauchoma ule waya. Alafu siku ikifa zimekufa zote 12 na darasa limeisha. Mimi kwa kituo cha mafunzo nabaki na adapta zake, ikifa moja imekufa moja, na ya kubadilisha unaipata kwa fundi yeyote wa laptop.

Kitu kimoja kitakuokoa nafasi nyingi sana. Angalia upande wa adapta unakoingia waya wa ukutani, zipo zenye tundu la mviringo wa majani matatu, ule waya wengine wanauita wa Mickey Mouse. Huna haja ya kuja na plagi 12 kubwa za pini tatu bapa. Nunua bao la soketi la kufunga kwenye raki, wauzaji wanaliita PDU, lile lenye matundu kama ya nyuma ya kompyuta kubwa za zamani, alafu nunua nyaya fupi zenye kichwa cha kuingia humo na upande wa pili hayo majani matatu. Matundu 12 yanaenea kwenye U moja au mbili, na nyaya ni nusu mita badala ya mita na nusu za kukunjakunja. Tofauti utaiona siku ya kwanza. Plagi za ukutani zikipangwa 12 unaishia na ekstensheni juu ya ekstensheni, na hiyo kitu ndani ya kabati la chuma siitaki hata kuiona.

Haya, U. U moja ni milimita 44.45, na upana wa ndani kati ya reli ni kama milimita 450. Tiny yako ina unene wa 34.5, upana wa kama 180 kila upande. Ukizilaza zinakaa mbili mbili kwa shelfu, shelfu sita, na ukiacha pumzi kila shelfu inakula 2U, jumla 12U. Ukizisimamisha kama vitabu zinahitaji urefu wa 5U, na mstari mmoja unabeba sita zenye pengo la vidole viwili kati yake, mistari miwili ni 10U. Mimi nasimamisha. Niliwahi kutumia kichanja cha waya cha kukaushia sahani, kile cha stenlesi cha jikoni, nimekikata miguu nikakifunga kwenye shelfu, na mpaka leo sijaona kitu kinachobana Tiny vizuri kwa bei ile. Sahani na kompyuta hizi unene wake unataka kukaribiana. Usiicheke, hata chuo kikuu cha Southampton Uingereza mwaka 2012 walipounganisha Raspberry Pi 64 walizijengea raki ya Lego, na profesa Simon Cox alisaidiwa na mwanae wa miaka sita.

Pi zako nane zisimame kwa ubavu wa milimita 56, zinakaa kwenye 2U zote nane. Ongeza shelfu la adapta 3U, swichi 1U, bao la soketi 1U au 2U, hapo upo 17 au 18. Usinunue 18. Nunua 22U, maana ndani ya mwaka mtu atakupa kompyuta nyingine mbili na hutakataa. Kina cha milimita 600 ndo kizuri, 450 kinaingia ila plagi za nyuma zitakuwa zinakunjwa na mlango. Lisimame chini, sio ukutani, na liinue kwa tofali au miguu sentimita 10 hadi 15, kwa ajili ya maji ya deki. Nacheka lakini naongea ukweli, anayefanya usafi hajui kuna nini humo ndani, anamwaga ndoo na hana kosa.

Kuhusu fundi wa kuchomelea: anaweza, na kwa bei nzuri, lakini usimwachie reli. Matundu ya raki hayana nafasi sawa, ni 15.9, 15.9, alafu 12.7, inajirudia hivo hivo mpaka juu, na kutoka katikati ya tundu la kushoto mpaka la kulia ni milimita 465. Fundi mwenye tepu na drili akikosea milimita tatu, shelfu zako zote za dukani hazikai, utaanza kupanua matundu na tupa huku unalaani. Kanunue reli nne tupu zilizotobolewa kiwandani, au tafuta kabati bovu la mtumba ung'oe reli zake, alafu fundi ajenge fremu, milango ya wavu na komeo kuzunguka hizo reli. Kingo zote apige tupa. Zile nati ndogo za kubana kwenye matundu ya mraba tayari zitakula kucha zako, usiongezewe na ncha za bati. Na mbao au plaiwudi isiingie kwenye hili, hata kama seremala ni shemeji yako.

Kabati la chuma lifungwe waya wa ethi, na milango nayo, kila mmoja na kipande chake cha waya maana bawaba zenye rangi hazipitishi vizuri. Kila adapta huwa inavujisha umeme kidogo sana, moja huisikii, ila zikiwa 12 pamoja na swichi kwenye chuma kisicho na ethi, mwanafunzi akigusa kwa mkono wenye jasho atakwambia kabati linapiga shoti na atakuwa hajakosea.

Joto sasa, na hapa nitakaa kidogo. Umeme wote unaoingia kwenye hilo kabati unatoka kama joto, wote, hakuna kinachobaki ndani. Mashine zikiwa zimetulia kila Tiny inakula kama wati 10, Pi kama 4, swichi tuseme 20, jumla kama wati 180. Wanafunzi wote wakiamua kukompaili kitu kwa wakati mmoja unaweza kufika 600. Wati 600 ndani ya stoo iliyofungwa ni kama umeacha pasi inafanya kazi usiku na mchana zaidi ya nusu ya nguvu yake. Hesabu ya hewa naifanya hivi: chukua wati, zidisha kwa 3, gawa kwa nyuzi unazokubali hewa iongezeke ikipita ndani, unapata mita za ujazo kwa saa. Mia sita mara tatu gawa kwa kumi ni 180. Feni ya milimita 120 kwenye boksi wanaandika kama 100, ila ikiwekewa wavu na kichujio inasukuma nusu yake tu. Kwaiyo feni nne, na makabati mengi yana matundu mawili au manne kwenye paa tayari.

Lakini feni hazipozi, zinahamisha. Hiki ndo kinachowapiga wengi. Hewa ya nje ya kabati ikiwa nyuzi 33 kama Tanga ya mwezi wa pili, hakuna feni itakayokupa 30 ndani, na hizi Tiny zimeandikiwa mwisho nyuzi 35 za hewa inayoingia. Una nyuzi mbili tu za kuchezea. Na stoo isiyo na pa kutokea hewa ni kabati jingine limelifunika kabati lako, feni zako nne zitakuwa zinazungusha hewa ile ile ya moto mpaka saa kumi jioni mashine zinaanza kujipunguza kasi na wanafunzi wanakwambia mtandao mbovu. Tengeneza tundu la kuingiza hewa chini ya mlango wa stoo, na feni ya kunyonya juu ukutani upande wa pili itoe nje. Kama ukuta mmoja unatazama bahari hewa usiichukue huko, ule upepo wenye chumvi ni mzuri kwa ngozi yako lakini skrubu na miguu ya chipu inakula taratibu. Kama kuna AC, kabati lisikae chini yake. Likae mbali, maji ya AC huwa yanachagua pa kudondokea.

Ndani ya kabati hewa iingie mbele chini, ipite kwenye kompyuta, itoke juu nyuma. Mlango wa kioo utoe, weka wavu. Sehemu tupu za mbele zizibe kwa bati au hata kadibodi ya plastiki, usipoziba hewa ya moto kutoka nyuma inarudi mbele kupitia hapo na mashine zinajinywesha joto lake zenyewe. Kichujio cha sponji nyembamba mbele, kioshwe kila mwisho wa mwezi. Wavu wa mbu unazuia mende na mijusi, vumbi hauzuii, na mijusi usiidharau, inapenda joto kuliko kitu chochote, nishawahi kutoa mmoja aliyekauka katikati ya bledi za feni ikiwa imesimama na hakuna aliyejua siku ngapi.

Na kuna dawa ya joto isiyo na gharama, punguza wati. Zima Turbo, ule uwezo wa prosesa kujiongezea kasi, kwenye BIOS za zote 12, yani ile menyu ya mipangilio unayoingia kabla mfumo haujawaka. Kwa kufundishia Linux hakuna atakayegundua. Pale Los Alamos, Marekani, mwaka 2002 walijenga kompyuta wakaiita Green Destiny kwa kutumia zile zile nyembamba za RLX, prosesa 240 kwenye raki moja, ikila kilowati 3.2 tu, na ilikaa kwenye ghala lenye vumbi na joto la kama nyuzi 30 bila AC maalum. Haikuwa ya ajabu kwa kasi. Walichagua chipu za polepole zisizo na joto, wakapata mashine isiyokufa kila wiki, na kwa mazingira yetu mi naona hiyo ndo akili.

Twende kwenye umeme wa kukatika, ambao kwako naamini ni muhimu kuliko hata joto. Kompyuta moja mezani ukikata umeme unaiwasha tena, basi. Kumi na mbili zikiwashwa sekunde moja umeme unaporudi, kila adapta inavuta fundo la umeme kwa pamoja na breka inaruka, au UPS, lile boksi la betri ya akiba, inapiga kelele na kuzima. Na unajua umeme wetu ukirudi haurudi mara moja, unakuja unaondoka, unakuja unaondoka, diski za SSD za mtumba haziipendi hiyo. Mbele ya bao la soketi weka ile gadi ya friji, inayosubiri dakika chache volti zitulie ndo inaachia umeme, angalia tu ampea zake zinatosha. Alafu ingia BIOS ya kila Tiny, pale pa kuchagua ifanye nini umeme ukirudi, chagua ibaki imezimwa. Pi zenyewe hujiwasha umeme ukirudi, kwaiyo chagua moja uiandikie skripti fupi ya kuziamsha Tiny moja moja kwa Wake-on-LAN, yani kuiwasha mashine kwa ujumbe wa mtandao, ikipumzika sekunde 20 kati ya moja na nyingine. Ijaribu kwa kuchomoa kabisa waya, maana zipo mashine ambazo zikipoteza umeme wote haziamki kwa mtandao mpaka ziwashwe kwa kidole mara moja. Ukikuta yako iko hivo, iweke ijiwashe yenyewe na uligawe bao la soketi makundi mawili yenye gadi mbili za muda tofauti.

Hapa kuna mtego wa mtumba. Betri ndogo ya BIOS, ile ya duara CR2032, kwenye mashine ya miaka saba nane mara nyingi imeshakufa. Ikifa, kila umeme ukikatika mashine inasahau uliyoipangia, inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, saa inarudi nyuma miaka, na utakaa unashangaa kwa nini namba 7 haiamki wakati wenzake wameamka. Nunua 12 mpya ubadilishe zote kabla hujafunga hata skrubu moja ya raki. Siku hiyo hiyo puliza vumbi, futa ile pesti kavu juu ya prosesa upake mpya. Kazi ya mezani inachukua dakika kumi kwa mashine, ikiwa ndani ya raki ni nusu saa na matusi.

UPS ikae chini kabisa au nje ya kabati. Betri zake za asidi zinachukia joto, wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 umri wake unakatika nusu, kwaiyo ukiiweka juu ya mashine utakuwa unanunua betri kila mwaka. Na usitegemee UPS ya 650 VA ibebe wati 600, hiyo hutoa kama 360 hivi. Iwe ya kuzifanya zizime vizuri tu.

Pi, kwa haraka. Usizipe adapta nane tena, tumia swichi ya PoE na vile vibao vya PoE vya juu ya Pi, waya mmoja wa mtandao unaleta data na umeme. Wapo watakaokwambia pawasapulai moja ya volti 5, lakini Pi nane kwa ampea 3 ni ampea 24, na kwa volti 5 waya mwembamba unakula nusu volti njiani kabla hujashtuka, Pi yenyewe ikishuka chini ya 4.63 inaanza kulalamika. Ukinunua swichi usiangalie idadi ya matundu, angalia jumla ya wati za PoE, tundu nane zenye jumla ya wati 60 zitakubana, tafuta inayofika 100 na kuendelea. Amri ya `vcgencmd get_throttled` ikikujibu 0x0 upo salama, ikikujibu 0x50000 ujue tangu iwake umeme uliwahi kupungua na ikajipunguza kasi, hata kama sasa hivi inaonekana nzima. Na kadi za microSD huwa zinakufa kwa kukatiwa umeme, ukiweza zifanye ziwake kupitia mtandao kutoka kwenye Tiny moja, Pi 4 inaweza, isipokuwa ile yenye skripti ya kuamsha ibaki na kadi yake.

Nyaya za mtandao nusu mita, zenye kulegea kiasi cha kuivuta mashine mbele bila kuchomoa, zifungwe kwa velkro. Namba iandikwe pande zote mbili za waya, na namba hiyo hiyo kwenye adapta, na namba hiyo hiyo kwenye mashine. WiFi zima, ndani ya chuma haina maana.

Kwa upande wa LUKU, wati 180 masaa yote ni kama uniti 130 kwa mwezi. Zikiwaka masaa kumi siku za darasa tu, ni kama 40. Skripti inayoziamsha asubuhi iwe na mwenzake wa kuzilaza jioni.

Kabla hujafunga mlango moja kwa moja, ziendeshe zote na `stress-ng`, programu ya kuzipa kazi nzito makusudi, masaa mawili mlango ukiwa wazi, andika joto la kila moja. Funga mlango, rudia. Zikipanda zaidi ya nyuzi tano sita kwa kufunga mlango tu, hewa yako inapita njia isiyo sahihi, tafuta tundu ulilosahau kuziba. Alafu zima feni moja ya paa uone. Alafu chomoa umeme wa kabati zima mara tatu, sio mara moja, na hesabu zinarudi ngapi. Weka mgongo wa mkono juu ya kila adapta, unatakiwa uweze kuuacha hapo huku unahesabu mpaka kumi.

Ukishapima nitumie joto la hewa ya stoo saa tisa mchana kabla na baada ya kuweka feni ya ukutani, na wati ulizoziona kwenye mita zikiwa zimetulia. Kwa hizo namba naweza kukwambia kama feni mbili zingetosha, maana nne zina kelele na stoo yako naona imepakana na darasa.